Cheti cha NEMA kwenye kiwanja cha kiwanda cha betri: serikali imethibitisha nini hasa?

SWALI: "Sisi ni walimu saba wenye SACCO ndogo hapa Jinja, Uganda. Tumepata kiwanja cha desimali 30 kwa bei nafuu sana, tunataka kujenga shule ya chekechea. Zamani palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kikafungwa miaka kadhaa iliyopita. Mwuzaji anatuonyesha cheti cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chenye jina la kiwanda, na barua ya mshauri wake inayosema eneo limesafishwa. Juu wamemwaga moramu. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anasema serikali ilikuja, ikatazama, ikaridhika. Mlinzi anaishi pale na mkewe na watoto wawili, wanatumia kisima cha mle ndani. Tumeshatoa malipo ya awali. Je, cheti hicho kinatosha? Nani serikalini anasimamia usafishaji wa namna hii? Na sumu ikionekana baadaye, nani atalipa?"

JIBU: Ndugu zangu walimu, naanza na familia ya mlinzi, kwa sababu ninyi hamjahamia bado, wao wanalala pale leo. Waache kunywa na kupikia maji ya kisima hicho mpaka kipimwe, na msiwashauri kuyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini madini ya risasi hayaendi na mvuke: maji yakipungua sufuriani, risasi yote inabaki kwenye maji machache zaidi. Wale watoto wapelekwe hospitali ya rufaa ya Jinja, na daktari aambiwe waziwazi kwamba wanaishi kwenye kiwanja cha kiwanda cha betri, ili aagize kipimo cha risasi kwenye damu. Damu itolewe mshipani. Tone la kidole hudanganya, kwani vumbi lililoshika ngozi huingia ndani ya sampuli na kupandisha jibu. Mashine ikikosekana pale, sampuli inaweza kupelekwa maabara nyingine. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Msingoje dalili. Maumivu ya tumbo, kukosa choo, upungufu wa damu, uzito wa kujifunza, vyote hivyo hufika kwa kuchelewa, na degedege huja mambo yakiwa yameharibika sana. Mtoto akipata degedege au akilegea akili, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Sasa swali lenu. Hapana, cheti hicho hakitoshi. Sisemi kwamba ni cha kughushi. Huenda ni halali kabisa. Ila kimejibu swali jingine, si hilo mnalouliza.

Cheti ambacho NEMA humpa mwekezaji baada ya tathmini ya athari kwa mazingira ni ruhusa ya kuanza mradi, yenye masharti: moshi uchujwe hivi, asidi ihifadhiwe vile, majivu ya tanuru yapelekwe kule. Kinaeleza kiwanda kilivyotakiwa kuendeshwa. Hakielezi udongo ulivyo baada ya miaka ya kazi, na hakiwezi kueleza, kwani kilitolewa kabla betri ya kwanza haijavunjwa. Kama mnayo pia ripoti ya ukaguzi wa mazingira, hiyo inasogea karibu kidogo na mnachokitaka, lakini nayo hupima kama masharti yalifuatwa siku ya ukaguzi. Mnachohitaji ni karatasi ya tatu, ambayo wauzaji wengi hawana: kauli ya maandishi ya NEMA kwamba usafishaji ulifanywa kwa mpango uliokubaliwa, matokeo yakathibitishwa kwa vipimo, na ardhi inafaa kwa matumizi yaliyotajwa kwa jina. Neno "matumizi" ndilo uti wa mgongo wa jambo hili lote. Ardhi huwa safi kwa kazi fulani. Uwanja unaofaa kuwa ghala la saruji, lenye sakafu ya zege na watu wazima waliovaa viatu, unaweza kuwa hatari kubwa kwa watoto wa miaka 4 wanaokaa chini na kutia vidole mdomoni. Mwuzaji akiwaambia "pamesafishwa", mwulizeni: pamesafishwa kwa ajili ya kazi gani?

Niwaeleze sumu hii inavyokaa, kwa sababu bila hilo hamtaweza kusoma ripoti yoyote. Betri ya gari ina sahani za risasi zilizozama kwenye asidi ya sulfuriki. Zinapovunjwa kwa shoka, asidi humwagika na unga wa risasi hutawanyika. Zinapoyeyushwa, moshi hupanda na kushuka kama vumbi laini upande upepo unakoelekea. Na masalio ya tanuru, yaliyo meusi na mazito, mara nyingi hutumika kujazia mashimo na kutengeneza njia za magari ndani ya uwanja. Risasi haiozi na hailiwi na bakteria. Katika udongo wa kawaida hujishika kwenye chembe za mfinyanzi na mboji, ikabaki katika sentimita chache za juu, mahali hasa mtoto anapocheza. Ila palipomwagwa asidi, uchachu wa udongo huilegeza na kuisukuma chini, na hapo ndipo kisima huingia hatarini. Pamoja nayo huja arseniki, antimoni na kadmiamu, ambazo watu husahau kuzipima.

Wengi huona majani yamestawi wakadhani ardhi imepona. Nyasi humea vizuri tu juu ya udongo wenye risasi inayotosha kumdhuru mtoto, kwa hiyo ukijani si ushahidi. Wala miaka haiponyi. Tazameni Kilembe kule Kasese: uchimbaji wa shaba ulianza 1956 na kusimama 1982, na mpaka leo malundo ya mabaki yaliyoachwa kando ya mto Nyamwamba ni tatizo, maana kila mafuriko humega sehemu yake na kuipeleka bondeni. Lundo la pairiti yenye kobalti lililobaki karibu na mji wa Kasese lilitiririsha maji ya asidi hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Wachimbaji walikwisha kuondoka, madini hayakuondoka.

Na kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Chukulieni udongo wenye miligramu 1,000 za risasi kwa kilo, kiwango ambacho kwenye viwanda vya betri hakishangazi hata kidogo. Mtoto mdogo humeza vumbi na udongo kwa vidole kiasi cha miligramu 100 kwa siku, yaani chini ya mfinyo mmoja wa chumvi. Katika vumbi hilo kuna mikrogramu 100 za risasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama alama ya tahadhari kwa mtoto kwa risasi itokayo kwenye chakula. Tena mwili wa mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Ndiyo maana nasema hesabu ya ghala na hesabu ya chekechea ni vitu viwili.

Kuhusu serikali. Uganda haina sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ardhi iliyochafuliwa na viwanda, kama ile ya Marekani ya mwaka 1980 iliyoweka utaratibu na mfuko wa kusafisha maeneo ya namna hiyo. Mamlaka yetu yametawanyika, lakini yapo na yana meno. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995, inakubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe, na inaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira: mtu anatajiwa uharibifu, anatajiwa la kufanya, na anapewa muda. Akikaidi, NEMA inaweza kuingia, ikafanya kazi yenyewe, kisha ikamdai gharama. Chini yake zipo kanuni za mwaka 2020 za tathmini, za ukaguzi na za usimamizi wa taka. (Mkisoma sheria, angalieni ni toleo lipi mmeshika. Sheria za nchi zilipangwa upya katika toleo lililoanza kutumika Julai 2024 na namba za vifungu zimehama. Barua inayotaja namba ya zamani huleta ubishi usio na maana.)

NEMA haifanyi kazi peke yake. Maji ya kisima na majitaka yanayoingia ardhini yako chini ya Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji katika Wizara ya Maji na Mazingira, ambayo maabara yake ya rejea iko Entebbe. Wafanyakazi watakaochimba udongo huo wanalindwa na idara ya usalama na afya kazini katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kwa Sheria ya mwaka 2006. Jijini kwenu yupo afisa mazingira, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwona ana kwa ana. Ipo pia kamati ya mipango miji, ambayo watu huisahau nami naihesabu kuwa lango lenu bora: kiwanja kilichosajiliwa kwa matumizi ya viwanda hakigeuki kuwa cha shule bila kibali cha kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2010. Mkiomba kibali hicho, iandikieni kamati wazi kwamba palikuwa na kiwanda cha betri, nanyi mnaomba maoni ya NEMA kabla ya uamuzi. Hapo faili linafunguliwa upya kwa swali la watoto, wala si kwa swali la kiwanda.

Kauli ya mwenyekiti wa LC1 sina sababu ya kuitilia shaka kwa nia. Anajua mipaka, anajua majirani, anaweza kushuhudia kwamba gari la serikali lilifika. Lakini ofisa kufika na kutazama si uthibitisho, kwa kuwa risasi iliyochanganyika na udongo haionekani kwa macho wala haina harufu. Kilichofanyika siku ile kitajulikana kwa karatasi.

Usimamizi wa kweli huacha nyayo za aina tano, na mkikosa hata moja mjue mnyororo umekatika hapo. Kwanza huwa kuna uchunguzi wa awali: ramani ya kiwanda inayoonyesha betri zilivunjiwa wapi, tanuru lilikuwa wapi, asidi ilimwagwa wapi, na vipimo vya udongo vya kila sehemu kabla ya kuguswa. Halafu mpango wa usafishaji uliowasilishwa NEMA na kukubaliwa kwa barua, wenye namba: udongo uliozidi kiwango hiki utaondolewa, mpaka kina hiki, kwa ajili ya matumizi haya. Mtaalamu aliyeuandaa awe amesajiliwa na NEMA. Ulizeni namba yake mkaihakiki. Tatu ni kumbukumbu za kazi yenyewe, hasa karatasi za safari za taka hatari, zinazotaja msafirishaji mwenye leseni, uzito, tarehe, na mahali penye leseni palipopokea.

Hapo kwenye safari mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Desimali 30 ni kama mita za mraba 1,214. Ukiondoa nusu mita tu ya udongo unapata zaidi kidogo ya mita za ujazo 600, ambazo kwa uzito ni kama tani 1,000. Kwa lori la tani 20 hizo ni safari 50 hivi. Mwuzaji akisema udongo wote mbaya uliondolewa, halafu majirani wakakumbuka malori manne wikiendi moja, mmeshapata jibu. Na kama malori yalikuwapo lakini karatasi hazipo, udongo ule huenda ulimwagwa bondeni au ukauzwa kujazia viwanja vya watu wengine, na hilo ni kosa lingine linalopaswa kufika NEMA.

Nyayo ya nne ndiyo inayokosekana zaidi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote: sampuli za uthibitisho. Baada ya kuchimba na kabla ya kufukia, mtaalamu huchukua udongo wa sakafu ya shimo na wa kuta zake, akaupeleka maabara, na shimo hubaki wazi mpaka majibu yarudi. Jibu likizidi kiwango, wanachimba tena. Mahali pengi hufukia kwanza, kisha sampuli huchukuliwa juu ya moramu mpya iliyoletwa kutoka machimbo ya mbali. Bila shaka jibu linatoka zuri, wamepima moramu. Barua ya mshauri mliyo nayo, tazameni kina cha sampuli na tarehe yake, mkalinganishe na tarehe ya kumwaga moramu. Ya mwisho ni barua ya NEMA ya kufunga kazi, yenye masharti ya baadaye kama yapo.

Katika barua ya mshauri angalieni mitego mingine miwili. Wa kwanza ni wastani. Mtu akichukua udongo sehemu kumi akauchanganya kwenye ndoo moja, sehemu moja yenye miligramu 8,000 na tisa zenye 30 hutoa wastani wa kama 830, na akichanganya zaidi hutoa kidogo zaidi. Mtoto hachezi kwenye wastani. Wa pili ni kipimo kisicho chake. Kipo kipimo cha kuloweka udongo kwenye asidi dhaifu na kupima kilichotoka majini. Marekani mpaka wake kwa risasi ni miligramu 5 kwa lita. Kimebuniwa kuamua kama taka iende dampo la kawaida au la taka hatari, na hakisemi lolote kuhusu mtoto anayemeza vumbi. Mkiona majibu ya miligramu kwa lita kwenye ripoti ya udongo, ulizeni jumla ya risasi kwa kilo iko wapi.

Kwa kuwa nyaraka zenu ni pungufu, pimeni wenyewe, lakini mwuzaji atie sahihi kukubali, na mtaalamu asilipwe na yeye. Gaweni kiwanja kwa miraba ya mita 10 kwa 10. Mtapata nukta 12 hivi. Ongezeni nukta za makusudi pale tanuru lilipokuwa, palipovunjiwa betri, mdomoni mwa mfereji wa maji ya mvua, na kando ya kisima. Kila nukta ichukuliwe kwa tabaka, kila tabaka kwenye mfuko wake: sentimita 0 hadi 5 za juu kabisa, kisha moramu itobolewe yote mpaka ufikie udongo wa asili, uchukue sentimita 15 za kwanza chini yake, na tena nusu mita zaidi chini. Msichanganye. Chukueni pia sampuli mbili au tatu mbali kidogo, upande upepo usikoelekea, mjue udongo wa kawaida wa hapo una kiasi gani. Kwa kila sampuli kumi, moja irudiwe kwa jina tofauti ili kuipima maabara yenyewe. Sururu na mwiko vioshwe kati ya nukta na nukta. Kifaa cha mkononi cha eksirei husaidia kuona haraka palipo na shida, ila udongo uliolowa hukipotosha, basi majibu ya kuamulia yatoke maabara: jumla ya risasi, arseniki, kadmiamu na antimoni, pamoja na uchachu, kwenye udongo uliochekechwa ukabaki laini, kwani huo laini ndio unaoshika kwenye vidole. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa kikemia iko Wandegeya, Kampala, zipo nyingine. Lolote mtakalochagua, ulizeni kama kipimo hicho hasa kimo kwenye ithibati yake ya ISO 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara), kwa sababu ithibati hutolewa kwa kipimo, haitolewi kwa jengo.

Maji ya kisima yachukuliwe kwenye chupa iliyosafishwa kwa asidi, nayo maabara itawapa ikiwa na tone la asidi ya nitriki ndani, msiisuuze. Kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki kwa risasi ni miligramu 0.01 kwa lita, na kwa arseniki ni hivyo hivyo.

Majibu yakija mtayalinganisha na nini? Kanuni zetu za ubora wa udongo za mwaka 2001 zililenga zaidi udongo wa kilimo, kwa hiyo wataalamu wengi huazima viwango vya nje, na hakuna ubaya mradi wakitaje waziwazi na kiwe cha makazi. Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo kwa udongo wa makazi, na Januari 2024 ikashusha kiwango cha uchunguzi hadi 200. Kwa chekechea ningeenda hivi. Tabaka zote za nukta zote zikiwa chini ya 200 na arseniki ikiwa ya kawaida, endeleeni na mazungumzo. Kati ya 200 na 400, mwuzaji asafishe kwanza chini ya NEMA, kwa gharama yake. Nukta zikizidi 400 chini ya moramu, tafuteni kiwanja kingine, hata kama hiki watakipunguza bei mara mbili. Zikifika maelfu, majibu hayo hayakai kwenye droo ya SACCO: yapelekeni NEMA na kwa afisa mazingira wa jiji kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa, maana wapo majirani.

Najua mtaambiwa moramu inatosha kufunika. Kufunika ni njia inayokubalika duniani, ikifanywa ipasavyo: kitambaa imara cha kutenganisha chenye rangi ya kuonya, juu yake sentimita 30 hadi 60 za udongo safi ulioshindiliwa, au zege, mifereji ya kuzuia mmomonyoko, mtu wa kukagua kila mwaka, na sharti lililoandikwa kwenye hati ya ardhi ili mnunuzi ajaye ajue. Moramu tupu haina hata kimoja cha hivyo. Mvua mbili tatu kubwa huikata. Nanyi mtajenga: msingi utashuka karibu mita moja, shimo la choo mita kadhaa, bomba la maji, nguzo za bembea. Kila shimo hupandisha udongo wa chini na kuuweka juu ya uwanja, na fundi asiyeambiwa atautumia kusawazisha mahali pa kuchezea. Njia ya kuchanganya fosfeti kwenye udongo hufunga risasi isifyonzwe sana mwilini, lakini inaweza kuilegeza arseniki ikaelekea kisimani, hivyo haifai kufanywa kwa kubahatisha. Na anayewaahidi alizeti zitakazofyonza risasi yote kwa misimu miwili hawaelezi ukweli. Kwa risasi hiyo ni kazi ya miongo mingi, na mimea yenyewe hugeuka taka.

Nani atalipa? Kanuni inasema mchafuzi. Uhalisia unauliza kama mchafuzi bado yupo. Nendeni ofisi ya usajili wa kampuni, URSB, mwone kama kampuni ya kiwanda ingali hai, na wakurugenzi ni nani. Kampuni ikifutwa, kanuni nzuri hubaki bila mtu wa kushikwa, na amri inaweza kuwageukia wenye ardhi wa wakati huo, yaani ninyi. Fanyeni pia upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ya kanda hapo Jinja: kama ni lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu), nani mwenye ardhi, sharti la matumizi linasemaje, imebaki miaka mingapi. Kwa viwanja vya zamani vya Jinja fuateni historia hadi kabla ya 1972, kwa sababu vingi vilipita mikononi mwa bodi ya mali za Waasia waliofukuzwa mwaka huo, na mwenye kiwanda hakuwa lazima mwenye hati.

Jirani zetu wa Kenya wana kesi ambayo wakili wenu anapaswa kuifahamu. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na taasisi za serikali, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ikiwamo, zikabebeshwa sehemu ya lawama kwa kutosimamia. Rufaa zikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Hukumu ya Kenya haizifungi mahakama zetu, ila inaweza kusomwa mbele yake. Kwetu Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi yenye afya, na Ibara ya 50 inaruhusu mtu kwenda mahakamani hata kwa niaba ya haki za wengine.

Kabla ya kufika huko, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005. Raia mmoja kati yenu aandike kwa NEMA akitaja jina la kiwanda na namba ya cheti, aombe nakala za masharti ya cheti, ripoti zote za ukaguzi, mpango wa kufunga kiwanda, barua za kuukubali, na matokeo ya sampuli za uthibitisho. Taasisi ina siku 21 za kujibu. Jibu la "hatuna kumbukumbu hizo" nalo ni jibu, tena zito: maana yake hakuna aliyethibitisha usafi wa kiwanja hicho. Maafisa wetu wa mazingira wana eneo kubwa na fedha kidogo. Barua yenye maswali mahususi huwasaidia kulitoa faili kabatini kuliko simu kumi.

Malipo ya awali yasiwafunge macho. Mwoneni wakili wiki hii, kabla ya kuongeza shilingi moja, aandike nyongeza ya mkataba: mwuzaji anatangaza yote anayoyajua kuhusu kiwanda, vipimo vinafanywa kabla ya kukamilisha, majibu yakizidi kiwango kilichotajwa kwa namba, fedha zinarudi zote, na hata yakiwa mazuri, sehemu ya bei inabaki kwa wakili mpaka kibali cha kubadili matumizi na barua ya NEMA vitoke. Mwuzaji mwenye ardhi safi hana cha kupoteza kwenye masharti hayo. Akikataa sururu isiguse kiwanja chake, daini fedha zenu mwondoke, na afisa mazingira apate nakala ya barua yenu, kwa kuwa atakuja mnunuzi mwingine.